Mkono wa Louise Kwenye Bariere ya Makobola

Haya, rudini pale tulipoachana. Gaspard amepiga magoti kwenye vumbi la Makobola, mtutu wa bunduki umemgusa kisogo, na mlinzi anamwambia asali sala yake ya mwisho haraka. Msomaji mmoja wa Kavimvira ameniandikia barua ya kunigombeza, eti nilimwacha mzee wa watu katika hali ile na yeye akakosa hamu ya kula wiki nzima. Ndugu yangu, kula. Gaspard hakufa.

Hakufa kwa sababu komanda alitoka ndani akijifunga mkanda na kuuliza ni kelele gani hizo.

Kwa wanaoingia leo, nitasema mara moja tu, wengine wanisamehe. Ni Jumatatu, tarehe 29 Juni 1964. Waasi wameshika Uvira na pwani yote ya ziwa kwenda kusini. Orkesta ya Gaspard ilipiga Uvira jana, na kesho, siku ya uhuru, inatakiwa ipige Baraka mbele ya wakubwa wapya. Nasema inatakiwa. Hakuna aliyewaomba, waliagizwa. Basi watu saba wamepanda lori na magita na tumba zao tangu alfajiri, na hapa Makobola, kwenye bariere, mti uliolazwa barabarani kuzuia magari, karatasi yao ya njia imeonekana ina muhuri wa zamani, ule wa serikali iliyofukuzwa mwezi uliopita. Karani aliyewaandikia hakuwa na muhuri mwingine. Mlinzi hakutaka kusikia habari za karani. Kwake yeye muhuri ule ni wa adui, na aliye nao mfukoni ni adui.

Komanda huyo aliitwa Sévère. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa hesabu, na kazi ile haijamtoka mwilini. Alihesabu watu wa lori kwa kidole, akahesabu vyombo, akaigeuza ile karatasi mara mbili. Kisha akamwambia mlinzi aondoe bunduki.

"Kama muko bapiga muziki, mupige," alisema. "Kama muko bapelelezi, tutajua mu wimbo ya kwanza."

Gaspard aliinuka akijifuta magoti, akashukuru. Mtu akishatolewa bunduki kisogoni anashukuru hata jiwe.

Kabla hawajateremsha vyombo, Sévère alimgeukia Louise, mwimbaji, mwanamke pekee katika kundi lile. Alisimama mbali naye, hatua nne nzima, akamweleza kwa adabu kabisa. Wapiganaji wake ishirini wameoshwa dawa asubuhi hii na saa sita wanaondoka kwenda Luvungi, ambako askari wa serikali wamesimama na mizinga. Aliyeoshwa, risasi ikimfikia inageuka maji, mradi ameshika sheria. Sheria ni nyingi, lakini moja inamhusu yeye. Mwanamke asimguse mpiganaji.

"Hata ncha ya kidole, bibi," Sévère alisema.

Louise alijibu kwamba amesikia. Na msije mkaniambia hakujua. Anakaa mtaa wa Songo, kila siku anapishana na wapiganaji sokoni amejifunga mikono kifuani kama wanawake wote wa Uvira. Alijua kuliko ninyi mnaosoma.

Wakapiga. Gaspard kwenye tumba, wengine kila mtu na chake, na kwenye gita la kwanza Félicien, mume wa Louise. Huyu Félicien ni mtu wa mzaha sana. Tangu walipotoka Uvira alikuwa akiwachekesha wenzake juu ya ile dawa, akisema ingekuwa na sabuni angeiita kuoga. Sasa alikuwa ameinamisha uso na vidole vyake vinakwenda kwenye nyuzi kwa heshima zote.

Wapiganaji walisimama wakakunja nyuso. Wimbo wa kwanza ukaisha hivyohivyo. Wa pili, mmoja akaanza kutikisa goti. Wa tatu ulikuwa ule waliouimba siku ya uhuru wenyewe, miaka minne iliyopita, uwanja mzima wa Uvira ukicheza, na pale mpiganaji mrefu mwenye majani kwenye kofia akatoka mbele peke yake akacheza. Jina lake Bonaventure. Alicheza amefumba macho.

Hapa lazima niwaeleze namna orkesta ile inavyofanya kazi, la sivyo mtamwona Louise mjinga. Kuna mahali katika wimbo maneno yanakwisha na gita la kwanza linabaki peke yake, linakwenda mbio. Hapo ndipo Louise anashuka kwa wachezaji. Anamchagua aliye peke yake, anamshika mkono, anauinua juu watu wote wauone, anamwuliza jina na kulitia katika wimbo. Mtu anayeimbwa hivyo harudi nyumbani bila kuongea habari hiyo mwezi mzima. Louise ameifanya kazi hiyo miaka saba. Ameifanya akiwa na mimba ya mtoto wake, ameifanya na homa, ameifanya siku aliyomzika baba yake. Gita likibaki peke yake, miguu yake inashuka. Haimwulizi.

Basi gita likabaki peke yake.

Louise akashuka, akaushika mkono wa Bonaventure, akauinua juu.

Félicien ndiye aliyeona wa kwanza, na gita likakatika. Tumba ikaendelea kidogo, kisha nayo ikanyamaza. Bonaventure alifumbua macho, akautazama mkono wake ulivyo juu ndani ya mkono wa mwanamke. Ndipo Louise naye akauona. Akauachia, lakini kuachia kuna faida gani?



Aliitwa mganga, mtu mnene mwenye shati la kifungo kimoja. Aliuchukua mkono wa Bonaventure, akaugeuza kiganja, akaunusa, akauacha uanguke. Akasema dawa ya huyu imekufa na haiwezi kurudishwa kabla ya siku saba. Mtu mgeni, ambaye hajawahi kuoshwa, huyo anaweza kumwosha sasa hivi, lakini aliyeharibika lazima angoje.

Wapiganaji wakaanza kusema mwanamke ametumwa. Serikali imeshindwa kwa bunduki, sasa inaleta waimbaji. Mmoja akakoki bunduki yake, wa pili naye, na Louise akabaki amesimama mahali palepale na mikono yake mwenyewe ameishika nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

Sévère akawaambia washushe silaha. Msifikiri ni huruma. Alikuwa anapiga hesabu.

"Kule Luvungi banangojea batu makumi mbili," alisema. "Bibi huyu nikimuua, nabaki na kumi na tisa. Amenitolea muntu, atanilipa muntu. Nani iko bwana yake?"

Gaspard alitazama ziwa. Mpiga saksofoni alitazama viatu vyake. Louise alianza kusema kwamba hana mume, kwamba ni mjane, na maneno yalikuwa yakimtoka vizuri tu, mpaka aliposikia gita linawekwa juu ya ubao wa lori.

"Ni minye," Félicien alisema.

Gaspard alijaribu. Nisimnyime haki yake, alijaribu. Alijitoa yeye mwenyewe, na Sévère akautazama mguu wake unaochechemea, akasema hapana. Akasema wakubwa wa Baraka watakasirika orkesta ikifika bila gita la kwanza. Sévère akajibu kwamba Baraka magita yapo. Akasema Félicien hajawahi kushika bunduki tangu azaliwe. Sévère akasema nusu ya hawa nao hawakuwahi, na sasa wameshika. Kila neno la Gaspard lilikuwa na jibu lake limekwisha kukaa tayari.

Félicien alipita karibu na mke wake akipelekwa nyuma ya nyumba kuoshwa. Akamkonyeza. Akamwambia kwa sauti ndogo asihangaike, ni maji tu, naye ni mtu wa ziwa, maji hayamtishi. Atatoroka Uvira wakipita, kesho kutwa atamkuta nyumbani na mtoto wao Florentine. Alisema hivyo kwa furaha kiasi kwamba Louise karibu amwamini.

Karibu. Lakini Louise si mtu wa kukaa chini kungoja kesho kutwa. Alimtafuta Bonaventure.

Alimkuta kwenye kivuli cha ukuta, akichomoa yale majani kwenye kofia moja baada ya jingine na kuyapanga chini. Louise alisimama mbele yake akamwomba. Aende kwa komanda aseme hakuguswa. Aseme mkono wa Louise ulishika shati, ulishika kitambaa, haukufika kwenye ngozi. Yeye ndiye mwenye mkono, nani atabisha? Neno moja tu, na Félicien atarudi kwenye lori lao.

Bonaventure alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mkulima wa pamba wa bonde la Ruzizi, mtu mzima mwenye mke na shamba, na alikuwa amekwenda kupigana Luvungi mara mbili. Mara ya kwanza walikwenda thelathini. Mara ya pili ishirini na tano. Hakusema walirudi wangapi.

"Dada," alisema, "tangu juzi niko naomba Mungu anitumie hata malaria. Ametuma weye. Usiniombe nirudi kule."

Louise alitaka kumtukana. Maneno alikuwa nayo, mnajua wanawake wa Songo hawakosi maneno. Lakini akili ikamwambia kwamba yeye mwenyewe, Louise, amemwokoa mwanaume huyu kwa mkono huohuo aliomwulia mumewe. Akaondoka. Mimi ningemtukana.

Na sasa sikieni hesabu ya mwalimu Sévère ilivyokwenda mbele. Alimwita Gaspard akamwambia kwamba yeye si mtu wa dhuluma. Amechukua mmoja, anatoa mmoja. Huyu Bonaventure hafai vitani kwa siku saba, basi atapanda lori la orkesta awalinde mpaka Baraka, kusudi wasifikwe na taabu nyingine kwenye bariere za mbele. Akampa na karatasi mpya, ameiandika kwa mkono wake, kwa herufi nzuri za ubaoni.

Gaspard aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante sana, komanda. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka, na bado alikuwa akisema asante.

Saa tano na nusu ikaingia kamioneti kutoka kaskazini, imefunikwa turubai. Haikusimama vizuri hata, dereva aliruka chini akataka maji. Watu wakainua turubai. Chini yake walilala wapiganaji watatu waliotoka Luvungi. Mmoja hakuwa na taya. Mmoja alikuwa akimwita mama yake kwa Kifuliiru, sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka aletewe kitu. Wa tatu alikuwa amenyamaza tangu walipopita Kiliba.

Félicien akatoka nyuma ya nyumba wakati huohuo, nywele zimelowa, chale mpya zinamtoka damu kwenye paji la uso, na majani amekwisha kufungwa kichwani. Akafika mbele ya kamioneti kabla mtu hajamzuia. Akatazama.

Mganga hakubabaika. Alieleza kila mmoja na kosa lake. Yule wa taya aligeuka nyuma wakati wa kushambulia, na kugeuka ni mwiko. Yule anayeita mama alipokea chakula kwa mwanamke. Aliyenyamaza alilala na mkewe kabla ya kwenda. Dawa haikuwaacha, alisema mganga, wao ndio walioiacha. Wapiganaji wakaitikia kwa vichwa, wote, na kwenye nyuso zao mtu aliona wamepata nafuu, maana kila mmoja alijua yeye hakufanya makosa hayo.

Louise alimtazama mume wake akingoja acheke. Ndiye Félicien huyu, aliyemcheka hata padri siku ya ndoa yao. Félicien hakucheka. Alimvuta mganga kando akamwomba amrudilie sheria zote, toka mwanzo, polepole. Akawa anazihesabu kwenye vidole.

Louise akafikiri anaigiza. Msimlaumu, alikuwa mbali.

Lori la wapiganaji likawashwa. Wakaanza kupanda mmoja mmoja huku Sévère akiwahesabu kwa sauti, na Félicien alikuwa wa ishirini, akakaa mwisho kabisa, karibu na ubao wa nyuma. Ndipo Louise akapata wazo, nanyi labda mmekwisha kulipata kabla yake. Mganga si amesema mwenyewe? Aliyeguswa na mwanamke haendi. Siku saba. Kidole kimoja tu, na Félicien atashushwa kwenye lori lile, aachwe kama alivyoachwa Bonaventure. Nyumba yake Louise haina mwanaume mwingine wa kulipia. Komanda akikasirika na kuwapiga risasi wote wawili, basi atapeleka Luvungi kumi na tisa, na yeye hapendi kumi na tisa. Louise naye alijua hesabu.

Gaspard alimwona uso, akamwelewa, akanyosha mkono amshike kitambaa. Akakosa.

Lori lilikuwa limeanza kutembea aliporuka akashika ubao wa nyuma kwa mikono miwili. Na hapo muone ajabu. Wanaume kumi na tisa wenye bunduki walirudi nyuma mbele ya mwanamke mmoja, wakasongamana upande wa kibanda cha dereva, wakakanyagana, mmoja karibu aanguke nje. Kumsukuma lazima umguse. Kumpiga kwa kitako cha bunduki, bunduki nayo imeoshwa. Kumpiga risasi kwa karibu vile, damu yake itawarukia, na damu ya mwanamke hata mganga mwenyewe hataki kuieleza. Dereva akapunguza mwendo, hajui afanye nini. Louise akapandisha goti juu ya ubao. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyeweza kumfanya lolote.

Sévère hakupiga kelele. Alitazama watu wake wote waliokuwa pale barabarani, wapiganaji wa bariere, walinzi, mganga, wote wameoshwa, kisha akamtazama mmoja ambaye hakuwa na dawa tena ya kupoteza.

"Bonaventure," alisema. "Mutoe."

Louise alisikia viatu vinakuja mbio nyuma yake. Hakugeuka. Alijinyosha ndani ya lori, mkono mbele, vidole vimefunguka. Félicien alikuwa pale pale mwisho. Wenzake walikuwa wamekimbia na kumwacha, na kati ya kidole cha Louise na goti la mume wake hapakuwa na shibiri moja. Asogee tu. Hata asisogee, abaki alivyokaa.

Félicien alijivuta nyuma. Akakunja miguu yake yote miwili kifuani, akajibana kati ya kona ya lori na gunia moja, na macho aliyomtazama nayo Louise hakuwahi kuyaona katika miaka tisa ya ndoa.

"Usiniguse, Mama Florentine," alisema. "Minye nimeisha oshwa."

Mkono wa Louise ukasimama hewani, na mikono ya Bonaventure ikamzunguka kiuno.